Corolla kuukuu na kulanti mpya: niliyojifunza Nakuru

Nilipotangaza kwamba nitabadilisha maji ya rejeta ya ile Corolla, karibu kila mtu anayenijali alinikataza. Jirani yangu, ambaye ameendesha matatu za Nakuru na Molo kwa miaka mingi, aliniambia gari lililozoea maji lisiguswe, kwa sababu ukilitia kulanti, ile dawa ya kupoza na kulinda injini inayochanganywa na maji ya rejeta, linaanza kuvuja kila mahali. Muuza spea mmoja wa mjini alisema vivyo hivyo, na yeye ndiye angefaidika kwa kuniuzia. Hata fundi wa kwanza niliyemwendea alifungua boneti, akaangalia, akaifunga. "Mwalimu, hii gari imeshazeeka. Wewe ongeza maji tu, itakufikisha."

Nawaheshimu wote watatu, na walichokisema wamekiona kwa macho. Gari kuukuu likitiwa kulanti baada ya miaka ya maji matupu, mara nyingi huvuja. Lakini kulanti haitoboi rejeta. Tundu lilikuwapo tangu zamani, na kilichokuwa kikiliziba ni kutu na magamba yaliyojikusanya. Kulanti mpya inalegeza uchafu ule, kizibo kinatoka, na tundu linaonekana. Mwenye gari anaona maji chini, anakumbuka kwamba jana aliweka kulanti, basi lawama inakwenda huko. Naandika haya kwa sababu nimeona magari mazuri ya watu wa kawaida yakifa kwa imani hiyo moja, na mengi yangeweza kuokolewa.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A ya petroli. Zilitengenezwa Japani kuanzia 1995 hadi 2000, na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe, kila 110 unayoiona leo kwenye barabara zetu imekwisha kunywa maji ya humu nchini kwa muda mrefu sana. Hii yetu ilikuwa ya baba mdogo, anayekaa Kisumu. Alikwenda nayo Maseno, Luanda na Busia kwa shughuli zake mpaka macho yakaanza kumsumbua, ndipo akanikabidhi ufunguo. Kilomita zilikuwa zimepita 300,000. Nilipomuuliza alikuwa akiweka nini kwenye rejeta, hakunificha chochote: maji ya mfereji, maji ya kisima, na siku moja maji ya mtaro wa mpunga pale Ahero. "Mwanangu," alisema, "gari lilikuwa na kiu njiani. Nililinywesha nilichokipata."

Asubuhi moja injini ikiwa baridi nilifungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa na rangi ya Mto Nyando wakati wa masika. Chini ya kifuniko, raba ilikuwa imekauka na kupasuka, na ukingoni kulikuwa na ganda la kutu lililomenyeka nilipoligusa kwa kidole. Chupa ya akiba ilikuwa na tope chini, na alama za juu na chini hazikuonekana tena.

Hoja ninayoisikia sana huku kwetu ni kwamba kulanti ni ya nchi za barafu. Sisi hatuna barafu, ya nini kulanti? Ni kweli kwamba glaikoli, kemikali kuu iliyo ndani yake, huzuia maji yasigande, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauwezi kuganda mpaka baridi ifike nyuzi 37 chini ya sifuri, jambo ambalo halitatokea Molo wala Timboroa. Lakini hiyo ni kazi moja tu kati ya tatu. Kazi ya pili ni kuzuia maji yasichemke mapema, na ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kulinda metali.

Injini ya 5A ina bloku, yaani mwili wake, ya chuma, na hedi, yaani kichwa chake, ya alumini. Ukiongeza rejeta, hita, pampu ya maji na viungo vyake, utaona kwamba maji yale yale yanagusa metali tofauti kwa wakati mmoja. Metali mbili zisizofanana zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvichumvi, umeme mdogo hupita kati yake na iliyo dhaifu huliwa. Kati ya chuma na alumini, inayoliwa ni alumini, yaani hedi yako. Chuma nacho hakisalimiki: kinapata kutu kutokana na oksijeni iliyo ndani ya maji. Kila unapoongeza kikombe cha maji mapya unaingiza oksijeni mpya na madini mapya, kwa hiyo gari linaloongezwa maji kila wiki linaharibika upesi kuliko lile ambalo maji yake yametulia. Ndani ya kulanti kuna viambato vinavyotandaza kinga juu ya metali hizo zote. Viambato hivyo huisha kwa matumizi, na glaikoli yenyewe huzeeka ikawa na asidi. Ndiyo maana hata kulanti halisi iliyokaa miaka kumi bila kubadilishwa haifai tena, ingawa bado ina rangi.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo watu wa Bonde la Ufa na wa Magharibi tungepaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Nakuru iko karibu mita 1,850, na huchemka karibu nyuzi 94. Ukifika Mau Summit ni nyuzi 92 au chini kidogo. Injini nayo inapenda kufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Maana yake ni kwamba gari lenye maji matupu na kifuniko kilichochoka, likipanda Kericho kutoka nyanda za Kano kwenye joto la mchana, linakaribia kuchemka hata kama injini haina ugonjwa wowote. Kinacholiokoa ni shinikizo. Kifuniko cha rejeta kimeandikwa namba juu yake, kwenye Toyota nyingi za rika hili ni 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni kipimo cha shinikizo ambalo springi yake inashikilia kabla ya kuachia. Kifuniko kizima cha 0.9 kinafanya hata maji matupu yachemke baada ya nyuzi 110, hata ukiwa Nakuru. Kifuniko kilichopasuka raba kinakurudisha kwenye zile 94. Ni kipande kidogo kuliko vyote tulivyonunua, na ndicho nilichobadilisha kwanza.

Kabla ya kutumia shilingi moja kwa kulanti, nilitaka kujua kama gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, ni nzima. Ikiwa imeungua, hakuna kulanti duniani itakayosaidia. Fundi niliyempata mwishowe, kijana mtulivu mwenye gereji ndogo upande wa Shabab, alinionyesha la kufanya. Tulifungua kifuniko injini ikiwa baridi, tukaiwasha, tukaangalia kama mapovu yanapanda mfululizo. Hayakupanda. Tuliangalia chini ya kifuniko cha oili kama kuna ute mweupe wa maji na oili kuchanganyika, na kwenye ekzosi kama kuna moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto. Alinishauri pia nibonyeze paipu ya juu ya rejeta asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa bado ngumu baada ya usiku mzima, kuna hewa ya mwako inayoingia kwenye maji. Paipu ilikuwa laini. Nilishusha pumzi.

Sasa kusafisha. Hapa ndipo mafundi wanapotofautiana kabisa. Mmoja alitaka kumimina dawa ya kusafishia choo, akasema itang'oa kutu yote kwa nusu saa. Nilikataa. Asidi inang'oa kutu, lakini inakula alumini vilevile, na hedi ya alumini iliyokwisha kudhoofika haihitaji asidi ya kuimalizia. Mwingine alitaka sabuni ya unga. Sabuni hutoa povu, na povu ni hewa, na hewa haibebi joto. Kijana wa Shabab alisema tutatumia maji tu, mara nyingi, bila haraka, na mimi nikaona anasema kweli.

Tulisubiri gari lipoe kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona makondakta wakifungua rejeta inayotokota kwa kitambaa mkononi, na nimewaona wenye makovu ya kifuani. Maji yaliyobanwa kwa shinikizo hulipuka kuwa mvuke mara tu kifuniko kinapolegea, na hakuna safari yenye thamani ya uso wa mtu.

Koki ya kumwagia maji iko chini ya rejeta na ni ya plastiki. Kwenye gari la umri huu plastiki hiyo imekuwa kavu na ukiilazimisha inakatika, kwa hiyo fundi aliizungusha kidogo kidogo kwa vidole, bila plaisi. Yaliyotoka yalijaa beseni na kuacha mchanga mwekundu chini. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba koki hiyo inatoa karibu nusu tu ya maji yote. Nusu nyingine inabaki ndani ya bloku na kwenye hita. Bloku ina bolti yake ya kumwagia, lakini yetu ilikuwa imeshikwa na kutu na fundi hakutaka kuikata. Tulifungua hita mpaka mwisho wa moto ili maji yake nayo yazunguke, tukajaza maji safi, tukaacha injini ipate moto, tukaizima, tukangoja ipoe, tukamwaga. Tena na tena. Kati ya mizunguko niliendelea kulitumia gari kwa safari fupi za mjini, shuleni na sokoni, nikiwa na jeriken ya maji kwenye buti na jicho kwenye geji. Safari hizo zilisaidia kuliko kulisafisha lote siku moja, kwa sababu joto na mtikisiko vililegeza uchafu polepole. Ungebanduka wote kwa mara moja, ungekwenda kukwama kwenye vijia vyembamba vya rejeta.

Maji yalibadilika kutoka wekundu mzito hadi rangi ya chai ya rangi, halafu manjano, halafu karibu meupe. Na hapo ndipo yale niliyoonywa yalipotokea. Rejeta ilianza kulia machozi kwenye mshono, pale kichwa cha plastiki kinaposhikana na mwili wa alumini. Baada ya muda mfupi tone likaonekana chini ya pampu ya maji. Jirani alisimama langoni akatikisa kichwa. Nilimwita aje aone. Fundi alimwonyesha ukingo wa ule mshono: kulikuwa na ukoko mweupe na wa kahawia uliokauka kwa tabaka, tabaka juu ya tabaka, na ukoko wa namna hiyo haujengeki kwa wiki moja. Rejeta ilikuwa ikivuja na kujiziba kwa miaka. Vivyo hivyo pampu ina kijitundu maalumu cha kutolea maji sili yake inapochoka, na kijitundu hicho kilikuwa na mstari wa kutu kavu ulioteremka hadi chini ya bloku.

Nilikuwa nimetenga pesa kwa ajili ya siku hiyo, na ushauri wangu kwa yeyote mwenye gari la namna hii ni kwamba usianze kusafisha kama huna akiba ya rejeta na pampu. Huenda usizihitaji. Lakini ukizihitaji na huna, utarudi kwenye maji ya mfereji na kila kitu ulichofanya kitakuwa bure. Kuna wanaokimbilia dawa za kuziba matundu. Sikuzitaka. Dawa inayoweza kuziba tundu la rejeta inaweza pia kuziba vijia vya hita, na ndani ya injini haina macho ya kuchagua. Rejeta za zamani za shaba zinaweza kufunguliwa na mafundi wa jua kali, zikazibuliwa kwa ubapa wa chuma na kutiwa lehemu tena, na kazi hiyo wanaifanya vizuri sana. Ya kichwa cha plastiki haikubali. Tulinunua nyingine, pamoja na pampu, na paipu mbili kubwa, kwa maana za zamani zilikuwa zimevimba karibu na klipu.

Tulipofungua nyumba ya themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, tuliikuta tupu. Fundi fulani wa zamani aliitoa. Tabia hii imeenea mno katika nchi yetu: gari likichemka, themostati inatolewa na kutupwa, na mwenye gari anaambiwa injini sasa "inapumua". Injini isiyo na themostati asubuhi ya Julai pale Nakuru inachukua muda mrefu sana kupata moto. Kompyuta yake inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, oili haifikii joto lake, na vyuma vinasuguana vikiwa havijakaa sawa. Kwenye injini nyingine, nafasi iliyoachwa wazi inaruhusu sehemu ya maji ya moto kuzunguka bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo ile dawa ya kuchemka inakuwa sababu ya kuchemka. Tuliweka mpya, ya kufunguka kwa nyuzi 82. Kabla ya kuifunga, fundi aliichemsha kwenye sufuria kuukuu tukaitazama ikifunguka na kujifunga. Feni nayo ilikuwa imeungwa moja kwa moja na swichi ya kuwashia gari ili izunguke wakati wote. Tuliirudisha kwenye sensa yake.

Kununua kulanti kulihitaji macho zaidi kuliko pesa. Rangi haisemi chochote cha uhakika. Kila kampuni inachagua rangi yake, na kijani cha mmoja si kijani cha mwingine. Kuna chupa ambazo ndani yake ni maji yenye rangi na harufu tu, na bei yake inakwambia hivyo. Soma lebo: inataja glaikoli? Inasema ni ya kuchanganya na maji, au imekwisha kuchanganywa? Ukiweka maji kwenye ile iliyokwisha kuchanganywa unaidhoofisha, na ukimimina ile nzito bila maji haibebi joto vizuri. Toyota wana mbili wanazozitambua: nyekundu ya zamani, ambayo hubadilishwa kila kilomita 40,000 au miaka miwili hivi, na ya waridi iliyokuja baadaye, ambayo hudumu muda mrefu zaidi. Kati ya viambato vya kulinda metali, kulanti za Kijapani kwa kawaida hutumia fosfeti na kuepuka silikati, ilhali za Ulaya nyingi hufuata njia iliyo kinyume kwa sababu maji ya kule ni magumu. Kwa Corolla nilichagua nyekundu ya aina ya Kijapani na nikaapa kutoichanganya na nyingine.

Maji ya kuchanganyia yana hadithi yake. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana madini mengi. Floraidi yake ndiyo iliyotia madoa ya kahawia kwenye meno ya wengi wetu tuliokulia huku. Sitayaweka kwenye injini niliyoihangaikia hivyo. Ya mvua ni laini, lakini yanayoteremka kwenye mabati kuukuu hubeba vumbi na kutu ya paa. Yanayofaa ni yaliyokenekwa au kuondolewa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Na hapa, tafadhali, uwe mwangalifu sana. Ukiomba "maji ya betri" kwenye kituo cha petroli unaweza kupewa asidi ya betri, kwani vyote viwili huuzwa kwenye chupa zinazofanana na wengine huviita kwa jina moja. Soma chupa kabla ya kulipa, na uisome tena kabla ya kumimina.

Tulimwaga mara ya mwisho kwa maji hayo safi, ili hata yale yatakayobaki kwenye bloku yasiwe ya mfereji. Kisha tukafanya hesabu. Kama mfumo mzima unachukua lita 6, nusu kwa nusu ni lita 3 za kulanti nzito. Lakini ukichanganya kwenye ndoo na kujaza, utapata dhaifu, kwa kuwa lita kadhaa za maji bado zimo ndani. Njia sahihi ni kumimina kwanza zile lita 3 nzito, halafu kujazia maji safi mpaka juu. Kabla ya kununua tuliangalia ujazo wa injini yetu kwenye kitabu cha gari, na nakusihi ufanye hivyo kwa lako, kwani hata Corolla za rika moja hutofautiana.

Kutoa hewa ndiko kunakoangusha kazi nyingi. Tuliliegesha gari likiwa limeinua pua kwenye mteremko, hita imefunguliwa, kifuniko cha rejeta kiko wazi, injini inanguruma polepole. Mapovu yalipanda, kiwango kikashuka, tukaongeza. Fundi alikuwa akibonyeza paipu ya juu kwa mkono kama mtu anayepima mapigo ya moyo, na kila alipobonyeza povu lilitoka. Themostati ilipofunguka, kiwango kilishuka ghafla na paipu ya chini ikapata moto. Tukasubiri feni iwake na kuzima, zaidi ya mara moja, tukafunga kifuniko na kujaza chupa ya akiba hadi alama. Kesho yake asubuhi kiwango kilikuwa kimeshuka kidogo, nikaongeza. Siku zilizofuata kikatulia.

Maji ya mwanzo, yale ya kutu, yalikuwa uchafu wa kawaida. Lakini kwenye mizunguko ya kati tulikuta dalili za kulanti ya zamani sana, utelezi kidogo na utamu hewani, na kuanzia hapo sikuruhusu tone limwagike kwenye mtaro. Glaikoli ni sumu. Ina ladha tamu, mbwa huilamba, mtoto huionja, na kiasi kidogo tu kinaua figo. Nasi watu wa Nakuru tuna sababu nyingine. Ziwa letu halina mto wa kutokea. Kinachoteremka kwenye mitaro ya mji wakati wa mvua kinaishia mle na kubaki mle, katika ziwa ambalo lilikuwa la kwanza Kenya kuwekwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 1990. Yote tuliiweka kwenye jeriken zenye vifuniko vya kukaza, zikaandikwa "sumu" kwa wino mzito, na fundi akazihifadhi mbali na ngoma ya oili chafu, kwa kuwa wanaoichukua oili hawataki ichanganyike na kulanti.

Baada ya hapo nilikwenda Kisumu kumwonyesha baba mdogo. Kupitia Salgaa, Mau Summit na kushuka Kericho, gari lilikwenda kwa utulivu, na jambo hilo halikunishangaza, kwa vile ukishapita Mau Summit safari ya kwenda ni ya kuteremka. Nilichokingoja ni kurudi. Kutoka Ahero jua lilikuwa kali, madirisha yote wazi, na baada ya Awasi barabara inaanza kupanda na haikuachii mpaka majani chai yaanze. Sindano ilibaki mahali pake. Sikuiamini peke yake, kwa sababu geji za magari mengi zimetengenezwa zikae katikati hata joto likipanda kiasi, na maji yakiisha kabisa sensa inaweza kubaki kwenye hewa na kukudanganya. Pale Kericho nilisimama, nikaacha gari lipoe muda mrefu, nikaangalia chini na kwenye chupa. Pakavu, na kiwango palepale. Nilimpigia simu baba mdogo, akauliza swali moja tu: "Limeomba maji?" Halikuomba.

Gharama yote, ukiondoa rejeta na pampu ambazo zingekufa hata hivyo, haikufika nusu ya ile aliyolipa mwalimu mwenzangu kusawazisha hedi iliyopinda baada ya gari lake kuchemka. Yeye alifanya jambo ambalo wengi hulifanya kwa wema: alimimina maji baridi kwenye injini iliyochemka. Gari likianza kupandisha joto, zima kipooza hewa, fungua hita yote ya moto ikusaidie kutoa joto, tafuta mahali salama usimame, zima injini, na ungoje. Saa nzima ikihitajika.

Sasa naangalia chupa ya akiba kila wiki asubuhi kabla ya kuwasha, kazi ya kupepesa macho tu. Nanusa kama kuna harufu tamu ndani ya gari, kwani hiyo ingekuwa hita inavuja chini ya dashibodi. Tatizo lililobaki ni wema wa watu. Vijana wa kuosha magari na wahudumu wa vituo vya petroli wakifungua boneti huongeza maji ya mfereji bila kuulizwa, kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo nimebandika karatasi ndani ya boneti yenye tarehe, kilomita, jina la kulanti, na maneno "Usiongeze maji, mwulize mwenye gari." Chupa ya lita moja iliyokwisha kuchanganywa iko kwenye buti, kando ya jeki.